Usambara Huanzia Mombo

Watu wengi wanaokwenda kuendesha baiskeli katika milima ya Usambara huianza safari mahali ambapo ingefaa iishie. Baiskeli hufungwa kwenye keria pale Mombo, gari likakwea kona zote hadi Lushoto, na asubuhi yake wageni wakaanza kuzungukia Magamba, Irente na Soni wakiwa tayari wako juu: hewa baridi, miguu mipya, picha tele. Sina ugomvi na picha. Ninalosema ni kwamba aliyepandishwa hivyo amerukishwa ukurasa wa kwanza wa kitabu, nao ndio ukurasa unaozifungua kurasa nyingine zote. Kwa eneo dogo kiasi kile, Usambara ina mambo ya kale mengi: mji wa enzi wa Wakilindi (ukoo wa wafalme wa huko), makao ya mwana wa mfalme aliyeupindua, reli ya Wajerumani, mji wao wa mlimani, misheni za karne ya 19, na mashamba ambayo Waingereza walitaka kuyachonga upya kwa amri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka vizuri mpaka mtu ajue, kwa mapaja yake mwenyewe, inagharimu nini kutoka bondeni kufika juu. Ndiyo maana natoa ushauri kabla ya hoja, na kilichobaki cha makala hii ni kuutetea: anzia chini, na upande kwa pedeli.

Tupige hesabu kidogo. Mombo iko mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Lushoto iko mita 1,400 hivi. Kati yao kuna lami ya kilometa 33. Ukigawanya unapata mwinuko wa wastani wa asilimia tatu, na mtu aliyezoea milima atacheka aseme hiyo ni kazi ya asubuhi moja kabla ya chai. Lakini wastani ni mwongo. Sehemu kubwa ya mpando imelundikwa kabla ya Soni, pale barabara inapobanwa kati ya ukuta wa mwamba na korongo, ikijikunja kona baada ya kona huku maji yakisikika chini bila kuonekana. Baada ya maporomoko ya Soni bonde linafunguka, mwinuko unalegea, na zile kilometa za mwisho zinapita kando ya bustani za kabichi na karoti kana kwamba mlima umesamehe. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, kazi ya mpando wote ni ileile ya kuliinua gunia la kilo 80 kilometa nzima hewani. Kwa gia nyepesi ya baiskeli nyingi za lami za siku hizi, meno 34 mbele na 32 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita mbili na robo hivi. Anayebaki kwenye gia hiyo tangu Mombo hadi Lushoto atazungusha pedeli karibu mara 15,000. Kwa Phoenix isiyo na gia hakuna hesabu ya kufanya. Unashuka, unaushika usukani, unaisukuma, kama wafanyavyo watu wenye akili.

Nimezitaja namba hizi kwa sababu ndizo zilizouweka ufalme wa Wakilindi pale ulipokuwa. Wasambaa waliigawa nchi yao kwa maneno mawili: shambaai, yaani milimani, kwenye mvua na migomba, na nyika, yaani tambarare ya chini, yenye joto, wanyama na mvua za kubahatisha. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya ufalme huu mwaka 1974, alionyesha kwamba vijiji vikubwa vilipenda kukaa karibu na ukingo wa milima ili wenyeji waweze kulima juu na pia kushuka kulima au kuwinda chini. Kwenye ramani hilo linaonekana kama bahati tu. Kwenye baiskeli linaonekana kama hesabu ya mkulima. Nyika inapokauka, mlima una chakula; mlima unapopigwa na baridi na ukungu, nyika ina mahindi. Anayekaa ukingoni ana ghala mbili, ila analipa kwa magoti. Hadithi ya mwanzo wa ufalme wenyewe imejengwa juu ya mteremko huohuo. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyewahi kuishi na Wakilindi, aliiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi: Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, anafukuzwa na ndugu zake, anaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, kisha anapanda Usambara. Watu wa juu wana ndizi na hawana nyama. Yeye ana nyama na hana ndizi. Wanabadilishana. Anaua simba. Wanampa utawala pale Vuga, na wafalme waliomfuata wakaitwa Simba Mwene. Hata msimulizi wa zamani, basi, hakumshusha shujaa wake kutoka mbinguni wala hakumtoa kilele kingine. Alimpandisha kutoka nyika, akiwa na kitu ambacho watu wa mlimani hawakuwa nacho.

Vuga yenyewe hufikiwa kwa kuchepuka Soni, na humvunja moyo mgeni aliyezoea magofu. Pwani ina mawe: ukienda Kilwa au Tongoni, ukuta umesimama, mihirabu unaiona, kaburi la mnara unaligusa. Vuga haina kitu cha namna hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika huko mwaka 1848, na tena 1852, alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye amri yake ilifika hadi kwa madiwani wa pwani. Lakini nyumba za mji ule zilikuwa za miti na nyasi, na nyasi haziachi magofu. Kinachobaki ni mahali penyewe: mgongo wa mlima, pande mbili zinazoporomoka, na upande wa nyika uwazi mtupu. Hapo ndipo naona baiskeli inashinda kioo cha gari. Kama jengo la kale halipo, mnara pekee wa historia uliobaki ni mteremko, na mteremko hauonekani vizuri kwa macho. Picha huulaza. Gari huufuta kabisa, maana kazi ya kupanda inafanywa na injini, si na mguu wa dereva. Miguu inayozungusha pedeli haidanganyiki hivyo, na ndiyo inayoeleza kwa nini mji wenye wapinzani bondeni ungeweza kulala bila ukuta.

Hapa utakuja upinzani ambao nauheshimu kuliko mwingine wote. Mtu atasema: unaufanya mlima kuwa mfalme. Ufalme wa Wakilindi haukuangushwa na asilimia za mwinuko, uliangushwa na ugomvi wa warithi, bunduki na biashara ya watu. Ni kweli. Kimweri alifariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu akashika Vuga, na Semboja, mwana wa Kimweri, akampiga vita na kumtoa. Lakini tazama Semboja alifanya nini baada ya kushinda. Hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe huko juu, yeye akabaki Mazinde, kule chini, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani, ambako pembe zilipita zikienda pwani na bunduki na baruti zilipita zikija. Mshindi aliyeweza kukaa kwenye kiti cha baba yake alikiona kiti hicho kiko mbali mno na soko. Kwa karne nzima na zaidi kima cha mteremko kilikuwa ulinzi. Katika miaka michache ya bunduki kikageuka gharama. Mlima haukubadilika hata shubiri moja. Kilichobadilika ni bei ya kuukwea, yaani kile ambacho mtu anapoteza kwa kukaa juu wakati mali inapita chini. Hiyo ndiyo hoja yangu, wala sitaki isomwe kwa upana zaidi ya hapo: mteremko hauamui nani atawale, lakini kila aliyetawala Usambara alilazimika kutoa jibu lake kuuhusu, na majibu yao yamebaki ardhini tuyasome. Anayeanzia Mazinde au Mombo, akavuka tambarare ya mkonge kwa kasi ya kilometa 25 kwa saa, kisha dakika chache tu baada ya kuiacha barabara kuu akajikuta anatambaa kwa nane, ameuona uamuzi wa Semboja kwa ukubwa wake halisi.

Jibu la Wajerumani lilikuwa la mikono miwili. Mali waliiweka chini. Reli yao ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na mwaka 1912 ikafunguliwa hadi Moshi. Ukiifuata kwenye ramani utaona inavyoupapasa mlima mguuni bila kuthubutu kuupanda. Gurudumu la chuma juu ya chuma huanza kulalamika kwenye mwinuko wa asilimia mbili tu, na Mombo–Soni ni habari nyingine. Mkonge nao ukaenea huko chini, ule ambao Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893 na miche iliyofika hai ikawa 62 tu. Lakini wenyewe, pamoja na ofisi zao na wake zao, walitaka kulala juu, wakiikimbia malaria na joto. Ndiyo maana makao ya wilaya yaliwekwa juu, katika bonde la Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Njia ya magurudumu ya kuunganisha stesheni ya Mombo na vitanda vya Lushoto ilibidi ichongwe. Pale ambapo kuchonga barabara hakukutosha, walirusha waya: kampuni ya Wilkins & Wiese, iliyokuwa ikikata mierezi ya Shume, iliteremsha magogo kwa njia ya waya angani hadi kwenye reli pale Mkumbara. Hao basi ni watawala walioigawa nchi katikati, mfuko bondeni na mwili mlimani, wakalipa gharama ya mteremko kwa jasho la watu wengine.

Na jasho hilo lina alama ambayo kwenye gari huwezi kuiona. Katika mpando wa Soni, kila barabara inapojikunja, tazama ukingoni: kuna kijinjia kinachoruka moja kwa moja kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kimechimbika kwa nyayo, kina mizizi badala ya ngazi. Mwanamke mwenye mzigo kichwani anatoka nyuma yako akiwa chini, anapotelea kwenye majani, na wewe unapomaliza kuzunguka kona unamkuta yuko mbele, anavuka lami kwa utulivu kwenda kukamata kijinjia kinachofuata. Barabara hukwea kwa asilimia tano au sita kwa sababu gurudumu halitaki zaidi. Mguu wa binadamu unavumilia mwinuko mara tatu au nne ya huo, kwa hiyo njia ya miguu haina haja ya kuzunguka. Mbele ya macho yako ziko nchi mbili zinazokatana: moja iliyopimwa kwa ajili ya magurudumu, nyingine ya watu walioupanda mlima kabla gurudumu halijafika. Krapf alipita katika nchi ya pili. Mwenye baiskeli yuko katika ya kwanza lakini kwa mwendo unaomruhusu kuiona ya pili, na kwa aibu kidogo, maana inampita.

Soni pia ndiko unakochepuka kwenda Sakharani, na jina hilo ni mzaha wa historia ambao siwezi kuuacha. Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyeitwa na watu Bwana Sakarani, alikuwa na shamba huko. Aliuawa Novemba 1914 katika vita vya Tanga. Sakarani ni mlevi, aliyerukwa na akili kwa kinywaji au kwa hasira. Shamba lake baadaye likawa la watawa Wabenedikto, nao wakapanda mizabibu na kutengeneza divai. Mambo hayo hayana uhusiano na asilimia za mwinuko. Nimeyaweka kwa sababu njia ya kwenda huko ni nzuri na nafsi inahitaji kupumzika.

Rudi kwenye lami, upite Lushoto, uendelee kupanda hadi Magamba. Kutoka hapo njia ya Mlalo inapita msitu, kisha inafunguka kwenye mabonde yaliyolimwa hadi juu kabisa, kipande kwa kipande, kama shuka la viraka. Si njia ya tairi nyembamba lami ikiisha, na vumbi lake jekundu huingia mpaka ndani ya mnyororo. Lakini hapa ndipo liko jibu la Waingereza, nalo ni la kusikitisha kuliko yote. Wakilindi waliuona mteremko kuwa ngome, Semboja aliuona kizuizi, Wajerumani waliuona hospitali. Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliuona ugonjwa. Udongo unasombwa, walisema, na hawakukosea. Anayepita Mlalo baada ya mvua kubwa huona mto umegeuka chai ya maziwa. Dawa waliyoleta, kuanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 na kisha kwingine, ilikuwa matuta ya lazima: kila mkulima achimbe matuta ya kukinga maji kufuata mzingo wa kilima, asiyechimba ashitakiwe. Juu ya karatasi ni hekima tupu. Juu ya kilima chenye mwinuko wa kusimamisha baiskeli ya gia ni adhabu, na walioibeba walikuwa hasa wanawake, ambao jembe lao tayari lilikuwa na kazi ya kutosha. Watu walikataa, wakabishana na machifu wao, na hasira hiyo ikakipa chama cha TANU wanachama katika milima ambayo viongozi wa pwani wangehangaika kuifikia. Kabla muongo wa 1950 haujaisha, mpango ulikuwa umekufa.

Feierman, katika kitabu chake cha pili, ameeleza kwamba Wasambaa walilipima jambo hilo kwa maneno yao ya siku zote: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala aliyewalazimisha matuta alikuwa anaiharibu nchi hata kama mtaalamu wake aliapa kwamba anaiponya. Msomaji wa mezani anaweza kudhani huo ni ushirikina dhidi ya sayansi. Sidhani anayekwenda Mlalo kwa baiskeli ataafiki haraka hivyo. Atakuwa amepita mbele ya mashamba ambayo mtu anasimama kulima kwa mguu mmoja juu na mmoja chini, ataona leo mistari ya majani ya Guatemala na ya migomba ikizuia udongo palepale ambapo tuta lilikataliwa, na ataelewa kuwa ubishi ulikuwa juu ya nani anabeba kazi na nani anakula. Mistari ya majani inalisha ng'ombe. Tuta la amri halikulisha mtu.

Sasa kuna walio na mashaka na chombo chenyewe, wala si na historia. La kwanza wanalosema ni hatari, na hapo sina cha kubisha sana. Mombo–Lushoto ni njia nyembamba, Fuso za mboga zinashuka zikiwa zimeshiba, Costa zina haraka, na ukungu ukishuka Soni mwanga wa taa unaishia mbele ya pua. Wakati wa masika udongo hukatika na kulala barabarani. Jibu langu ni la mwelekeo: kupanda ni salama kuliko kushuka. Anayepanda ana mwendo mdogo, anasikia gari kabla halijafika, anaweza kuweka mguu chini wakati wowote. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na hapa methali si mapambo. Breki za kubana rimu zikishikiliwa kilometa 18 mfululizo huichemsha rimu kiasi cha kuipasua tyubu. Inabidi kubana kwa vipindi, mbele kisha nyuma, kuachia, kusimama kando kila baada ya kilometa chache na kuigusa rimu kwa kidole kilicholowa mate. Yule anayebebwa na gari hadi juu ili "afurahie kushuka" amechagua nusu yenye hatari na kuacha nusu yenye maana. Kwa hiyo hoja ya usalama, ikichunguzwa, inaangukia upande wangu: panda kwa pedeli, na kama una wasiwasi, ni wakati wa kurudi ndipo uipakie baiskeli kwenye gari.

Wengine husema huu ni mchezo wa wageni wenye pesa, na kwamba kumpita mkulima mwenye gunia huku umevaa kaptura ya kubana ni ukosefu wa haya. Kuhusu kaptura sitabisha. Lakini baiskeli si mgeni kwetu. Ukitoka milimani ukaingia nchi tambarare, Shinyanga au Tabora, utaona inabeba maji, mkaa, mgonjwa na bibi harusi. Kwamba inaonekana kwa uchache milimani, na pikipiki imechukua nafasi iliyobaki, ni ushahidi mwingine wa jambo lilelile ninalolisema: mteremko unapanga hata nani amiliki nini. Na kuhusu mchezo, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na ni vilima vya Rwanda vilivyowapepeta mabingwa wa Ulaya huku watu wa Kigali wakijaa kando ya barabara ya mawe ya Kimihurura. Vilima tunavyo. Tulichozoea ni kuviona kama kero ya usafiri, wala si kama kitu cha kutazamwa kwa makini.

Kuna wale pia wanaosema uchovu si ushahidi. Mapaja yangu yakiuma leo hayaniambii lolote kuhusu mwaka 1862; Wasambaa walizoea milima, hawakuhema kama mimi. Nakubali nusu. Uchovu hauthibitishi jambo lolote, lakini unazaa swali ambalo kiti cha gari hakizai: kwa nini mtu aliishi hapa wala si pale? Swali hilo likishaulizwa, jibu linatafutwa kwa njia za kawaida, kwenye vitabu, kwa wazee, kwenye kumbukumbu za misheni ya Vuga au ya Mlalo ambayo Wajerumani wa Bethel waliianzisha mwaka 1891. Na kuhusu mazoea, mwili uliozoea hupunguza maumivu lakini haupunguzi saa. Mzigo wa pembe bado ungechukua sehemu kubwa ya siku kupanda, na msafara wenye haraka ya kufika pwani usingefanya hivyo bila sababu.

Upinzani unaonishinda kabisa ni wa watembea kwa miguu, nao ndio niliouweka mwisho kwa makusudi. Fika Irente, kilometa chache kutoka Lushoto, uende hadi kwenye mwamba wa ukingoni. Ardhi inaisha. Mita elfu moja chini iko nyika: mistari ya mkonge iliyonyooka kama kitana, barabara kuu yenye malori ya ukubwa wa siafu, uzi wa reli, na Mazinde, palepale, karibu kiasi kwamba moshi wa jiko unaonekana ukipanda. Hii ndiyo picha inayofunga hesabu yote, kiti cha Semboja kikionekana kutoka shambaai. Sasa mwenye baiskeli akitaka kufika pale itambidi ageuze, arudi Lushoto, ashuke Soni, ashuke Mombo, akate kulia barabara kuu na kukanyaga tambarare hadi Mazinde, zaidi ya kilometa 45 kwa jumla. Kando ya mwamba ule kuna kijinjia cha miguu kinachopotelea kwenye vichaka, kikishuka moja kwa moja. Anayekifuata hula chakula cha mchana Mazinde, naye mwenye baiskeli bado yuko mahali fulani chini ya Soni, amesimama kando ya lami, akiigusa rimu kwa kidole kuona kama imepoa.